Mti wa Kitovu cha Kaka Yangu

Sehemu ya saba

Mlioniacha wiki jana na simu sikioni, jueni nilibaki nayo hivyo hivyo kwa muda mrefu. Kaka yangu Vassel alikuwa ameshakata. Maneno yake yalikuwa matatu tu: "Usiuguse mti wangu."

Kwa aliyechelewa kuingia uani kwangu, nafupisha. Jina langu Ionie, nina miaka hamsini na tano, naishi kwenye ardhi ya ukoo huku kisiwani, kwenye milima ya Portland. Mume wangu Garfield mmeshamsikia. Yuko kwa muuza samaki na sina la kuongeza. Kimbunga cha mwaka jana kilibeba mabati ya jiko. Kilichobaki ni nyumba ya vyumba vitatu aliyoacha mama, na juu ya nyumba hiyo umeinama mshelisheli mrefu kuliko kanisa letu.

Ardhi ya ukoo haiuzwi wala haigawanywi, lakini miti ina wenyewe. Mtoto akizaliwa, kitovu chake kinazikwa, unapandwa mche juu yake, na mti huo ni wake mpaka siku anakufa. Hakuna wa kuupunguza hata tawi bila neno lake. Mshelisheli ni wa Vassel, aliyekwenda Uingereza nikiwa msichana na hajarudi. Wangu mimi ulikuwa mnazi. Ulikufa na ule ugonjwa wa njano uliomaliza minazi ya kisiwa kizima, nikiwa na miaka mitatu.

Nimekua naitwa Ionie asiye na mti. Ukoo ukikutana kuamua jambo, mimi natumwa nikapike.

Sasa, nina kamba ya kuanikia nguo, imefungwa upande mmoja kwenye shina la mshelisheli na upande wa pili kwenye nguzo ya baraza. Tangu Krismasi kamba ile ilikuwa inalegea. Naikaza, inalegea. Mwezi wa nne mashuka yalikuwa yanaburuta chini. Nguzo haikuwa imesogea. Uliosogea ulikuwa mti, na ulikuwa unakuja kwenye chumba ninacholala.

Msimu wa vimbunga unaanza mwezi wa sita. Ndiyo maana nilimwomba Vassel ruhusa. Ndiyo maana alinijibu vile. Na ndiyo maana, simu ilipokatika, nilipiga nyingine palepale.

Niliyempigia si mtu wa panga. Wenye panga tunao wengi, wanakata chochote kwa chupa ya ramu. Huyu alikuwa Fundi Eustace Lobban wa Port Antonio, aliyesomea miti, mwenye kofia ngumu, mikamba na cheti. Alisema ana nafasi kesho asubuhi.

Kesho yake asubuhi ua ulikuwa umejaa kama kawaida yangu. Mimi bila watu silali. Bi Icilda, jirani yetu, mwenye miaka sabini na sita, alikuwa barazani na chai yake. Renford na wenzake watatu walikuwa wanapiga domino kwenye benchi la zege nililojenga kuzunguka shina la mshelisheli, miaka minane sasa. Kila mmoja na sahani yake: shelisheli la kuchoma, samaki wa chumvi, pilipili.

Fundi Lobban akashuka kwenye gari, akasalimia wote, akasimama mbele ya mti bila kuugusa.

"Kabla sijashusha kamba," akasema, "kitovu cha nani kipo hapa?"



"Changu," nikasema.

Renford alikuwa ameinua kete kuipiga kwenye benchi. Aliiacha hewani. Walijua, wote walijua. Lakini walikuwa na chakula changu mapajani, na hakuna anayemsuta mwanamke huku ameshika sahani yake.

Bi Icilda peke yake ndiye aliyenikazia macho. Alinitazama muda mrefu, nikadhani ananionea aibu.

"Vizuri," akasema fundi. "Maana mti wa kitovu siupandi bila neno la mwenyewe. Nimefukuzwa kwa mapanga mara mbili, imetosha."

Alianza kushusha vitu. Kamba za kila rangi, mikanda, nyundo ya mpira.

"Fundi," akasema Renford, "kamba zote hizo za nini? Baba yangu alikuwa anapanda mti kama huu na panga na soksi tu."

"Yuko wapi baba yako?"

"Alianguka."

"Basi."

Wenzake walimcheka hadi mmoja akapaliwa. Renford hakukubali kushindwa.

"Na vile viatu vya misumari huna? Nimeviona kwenye televisheni."

"Ninavyo garini. Vile ni vya mti wa kuangushwa. Mti wa kuishi huutoboitoboi, kila tundu unalofungua ni njia ya ugonjwa. Wa kuishi napanda kwa kamba."

Nilifurahi kusikia hivyo. Apande kwa kamba, apunguze yale matawi mazito ya upande wa nyumba, mti upumzike, nami nipumzike. Vassel yuko ng'ambo ya bahari. Nani atamwambia?

Fundi akauzunguka mti akiugonga kwa ile nyundo ya mpira. Juu, usawa wa kifua, ulijibu vizuri, sauti nene. Akainama, akagonga pale shina linapoingia kwenye benchi. Sauti ikabadilika. Ilikuwa kama kugonga mlango wa chumba kisicho na vitu.

Akagonga tena. 

"Benchi hili nani kajenga?"

"Mimi."

"Lini?"

"Miaka minane."

"Inabidi livunjwe."

"Fundi, hilo ndilo sebule yangu."

"Naona, mama. Inabidi livunjwe."

Renford na wenzake wakasimama na sahani zao kama watu waliofukuzwa harusini. Fundi akaleta nyundo kubwa. Benchi walilokalia wafiwa wa mama yangu, walilokalia mabibi harusi, lililokaliwa na Garfield siku anadanganya kuwa anakwenda kazini, liliondoka vipande vipande kwa nusu saa.

Chini yake gome lilikuwa jeusi na limelowa. Harufu ilipanda, harufu ya pipa la maji lililosahauliwa. Fundi akachukua ufito mwembamba wa chuma, akausukuma kwenye shina. Uliingia mpaka kwenye mpini. Hakutumia nguvu yoyote.

"Unaona hapa?" akasema. "Hiki ndicho kiuno cha mti, unapoingia ardhini. Kinataka hewa. Wewe umekivalisha zege, maji yameingia yakakosa pa kutokea. Ungeniita miaka minane iliyopita, ningekushauri ununue viti vya plastiki."

Watu wangu ndio niliowajengea benchi lile. Ili wasikose pa kukaa. Ili ua wangu usiwe kimya hata siku moja.

"Na hizi?" Alikuwa anapitisha kidole kwenye makovu ya shina, makovu mengi, mengine yamefunga na mengine bado yanatoa utomvu.

"Panga," nikasema. "Kila Ijumaa Kuu. Kwetu mti usiozaa vizuri unatishwa."

"Ulitishika," akasema Fundi Lobban.

Hapa niwaambie jambo ambalo sijawahi kulisema hata kanisani. Mwaka ule ulipozaa hadi matawi yakavunjika, niliukata vilevile. Sikuwa na haja na shelisheli. Niliukata kwa sababu ulikuwa wa Vassel. Yeye alikuwa na mti na hakuwepo. Mimi nilikuwepo, nafagia majani yake kila asubuhi, nabeba mashelisheli yake yaliyooza, na nikifa hakuna atakayeonyesha kitu uani akasema hiki kilikuwa cha Ionie. Kila panga nililopiga lilikuwa lake.

Fundi alikuwa amepiga magoti anafukua udongo kwa mikono. Akasimamisha mkono. Akaingiza kidole chini ya mzizi mnene, akavuta taratibu, akatoa chupa ndogo ya buluu, ya dawa ya tumbo ya zamani. Mzizi ulikuwa umeikumbatia.

"Kitovu chako hiki, mama," akasema, akanipa kwa mikono miwili. "Kishike mwenyewe."

Nilitamani ardhi inimeze. Nimeshika kitovu cha kaka yangu mbele ya watu wanaojua ni cha nani.

Kizibo kilikuwa kimeoza, kikatoka chenyewe. Ndani kulikuwa na kitu kikavu kama zabibu, kimefungwa uzi.

Uzi ulikuwa mwekundu.

Kwenye milima hii, enzi zetu, kila mtoto alipokewa na mkunga mmoja, Nana Drusilla, mama yake Bi Icilda. Na Nana alikuwa na utaratibu wake usiobadilika. Wa kiume alimfunga kwa uzi mweusi. Wa kike alimfunga kwa mwekundu. Hata Renford analijua hilo.

"Huo ni mwekundu," akasema Renford. Kisha, kwa sababu hawezi kujizuia: "Kwa hiyo Vassel ni mwanamke?"



Kwa mama yetu tulizaliwa wawili tu.

Nikageukia barazani. Bi Icilda alikuwa ameshaweka kikombe chini.

"Bi Icilda."

"Nilikuwa nimeshika taa," akasema. "Siku unazaliwa. Mama yangu alikufunga uzi, mimi nikashika taa, tukazika kitovu chako hapo. Mche ulikuwa haujafika hata goti."

"Na mnazi?"

"Mnazi wa Vassel. Ulikuwa wa Vassel tangu mwanzo."

Nilikaa kwenye kipande cha zege.

"Mnazi ulipoanza kugeuka njano," akaendelea, "na yeye akashikwa na homa. Alikuwa na miaka tisa. Siku nane hali kitu. Daktari akampa siku mbili. Mama yako akaona mtoto anafuata mti wake. Akambeba mpaka hapo, akamshikisha mche wako, akamwambia: 'Huu ndio wako, mwanangu. Ule unaokufa ni wa Ionie.' Siku ya pili yake akaomba uji."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa mzima."

Alisema hivyo tu. Kama vile ni jibu.

"Alipopona, mbona hamkunirudishia?"

"Nani angethubutu kumwambia? Mama yako alisema tusubiri akue. Akakua, akapanda ndege. Akasema tusubiri arudi. Hakurudi. Halafu mama yako akafa, na mimi nilikuwa nimemwapia."

"Umekula chakula changu miaka yote hii."

"Nimekula."

"Ukaniona namwaga zege."

"Nilikwambia usijenge, Ionie."

"Uliniambia litakuwa la moto kukalia."

"Sikuwa na sababu nyingine ya kukupa."

Nilitaka kumfukuza. Nilitaka kumwambia achukue kikombe chake na asikanyage tena ua wangu. Lakini alikuwa analia bila sauti, na mimi nilikuwa nimeshika chupa, na mtu hawezi kufukuza wageni akiwa amekishika kitovu chake mkononi.

Fundi Lobban alivua kofia yake ngumu.

"Sikuja kusikiliza ya nyumbani kwenu," akasema, "lakini nimesikia. Asubuhi uliniambia ni mti wako. Sasa na mimi nakwambia la kwangu. Hauponi. Kama kiuno kingekuwa kizima ningepunguza mzigo juu, ukaishi miaka. Hiki kimekwisha. Upepo wa kwanza wa maana utauvunja hapa, na utalala pale." Akaonyesha dirisha la chumba changu. "Mwenyewe uko hapa. Naomba neno lako. Nikate, au niache?"

Niliuangalia kutoka chini mpaka juu. Majani yake mapana yalikuwa yanang'aa, na mashelisheli machanga yalikuwa yamejaa upande wa jua. Ulikuwa haujui. Nimeishi miaka hamsini na mbili bila mti, kisha nikawa na mti kwa muda wa kunywa chai, na mti wenyewe nilikuwa nimeshauua kwa mikono yangu.

"Kata," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Akaenda garini, akarudi na vile viatu vya misumari. Akaviweka juu ya kipande kikubwa cha zege, misumari ikitazama juu, akaanza kukaza mikanda yake.

Nikaitia chupa kwenye mfuko wa aproni.

Hapo ndipo teksi ilipoingia.

Aliyeshuka sikumjua. Mzee mwembamba, koti limempwaya, shingo kama ya kuku aliyenyonyolewa. Alilipa, akasimama akishikilia mlango wa gari mpaka pumzi imrudie. Kisha akatembea, na nikamjua kwa mwendo. Vassel anatupa mguu wa kushoto pembeni. Alikuwa hivyo tangu ile homa.

"Kaka?"

Alinipita. Alipita domino, alipita sahani, alipita rundo la zege bila kuliona, akafika kwenye mti. Akaweka kiganja juu, pale penye gome zuri.

"Bado umesimama," akauambia.

"Kaka Vassel, mbona hukusema unakuja? Jana si ulikuwa Birmingham?"

"Jana nilikuwa uwanja wa ndege. Ningesema, ungepika. Siwezi kula, Ionie." Hakunigeukia. "Madaktari wamemaliza yao. Miezi mitatu, wanasema. Nikawaambia siyo wa kwanza kunihesabia. Nilipokuwa na miaka tisa nilipewa siku mbili, na mama akanileta hapa. Unakumbuka? Hapana, ulikuwa mdogo."

Barazani, Bi Icilda alijifunika uso kwa kitambaa cha kichwa.

"Nimekuja kukaa na mti wangu," akasema kaka yangu. "Nitalala hapo barazani, niuone. Sitakusumbua."

 Akageuka taratibu, ndipo akamwona fundi, na mikanda yake.

"Huyu bwana ni nani?"

"Fundi wa miti," nikasema. "Nimemwita autibu."

Ule wa kwanza wa asubuhi ulikuwa uongo na ukageuka kweli. Nadhani nilitumaini na huu ungegeuka.

Vassel akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akamnyooshea fundi mkono wa kumshukuru. Mkono ukafika nusu, ukasimama. Alikuwa anatazama juu ya zege.

Aliinama kwa shida, akaokota kiatu kimoja, akagusa ncha ya msumari kwa kidole gumba.

"Nimefagia majani kwenye bustani za jiji miaka thelathini na mbili," akasema. "Nimewaona mafundi wa miti kila msimu. Kiatu hiki hakivaliwi kwa mti unaotibiwa."

Renford alikuwa anaitazama sahani yake tupu kama mtu anayesoma barua.

"Nani kakupa neno?" Vassel alimuuliza fundi.

Fundi Lobban alinitazama mimi kwanza. Aliniachia nafasi ya kusema. Nilikuwa nayo nafasi, nakiri, na ilikuwa ndefu. Sikuitumia.

"Mwenye mti," akasema fundi.

"Mwenye mti ni mimi."

Fundi akaacha kukaza mikanda.  Mkono wangu ulikuwa umeingia mfukoni mwa aproni bila mimi kuuambia, na ile chupa ilikuwa imeshapata joto la mwili wangu.

Kaka yangu akapitisha macho kwa kila mmoja, kutoka kwa Renford hadi barazani, akarudi kwangu. Akashuka na macho hadi kwenye mkono.

"Ionie," akasema. "Umeshika nini?"